Tiba ya kudumisha ni nini kwa mtoto mwenye limfoma aliyepandikizwa seli shina?

Tiba ya kudumisha ni dawa anazopewa mtoto baada ya upandikizaji, wakati vipimo havionyeshi tena limfoma, yaani saratani ya seli za kinga ya mwili, ili mabaki ya ugonjwa yasiyoonekana yasipate nafasi ya kuota upya. Mzazi wa Lubumbashi akiambiwa hivyo huuliza, na ana haki kuuliza: kama mtoto amepona, dawa ni za nini tena?

Jibu limo katika upandikizaji wenyewe, ambao waganga wa hapa kwetu huuita grefu. Mara nyingi limfoma iliyorudi hutibiwa kwa kuvuna seli shina za mtoto mwenyewe, yaani seli zinazozaa damu, na kuzigandisha, kisha kumpa dawa kali kwa kipimo kinachoua hata uboho wa mifupa, halafu kumrudishia seli zake kwa mshipa, kama mtu anavyotiwa damu, bila kupasuliwa. Seli hizo hazipigani na saratani. Kazi yake ni kuufufua uboho. Limfoma imepigwa na zile dawa kali, nazo huenda hazikuifikia kila seli mbaya.

Mfano unaojulikana zaidi wa tiba ya kudumisha ni brentuximab vedotin kwa aina moja ya limfoma, ile ya Hodgkin. Ni kingamwili inayoitambua alama ya CD30 juu ya seli ya ugonjwa na kuingiza sumu ndani yake. Marekani iliiruhusu kwa kazi hii mwaka 2015, baada ya utafiti wa watu wazima waliotiwa dawa hiyo kila wiki 3, hadi mara 16. Kwa watoto, madaktari huegemea sana ushahidi huo wa watu wazima, na naona mzazi anapaswa kuelezwa hilo waziwazi. Dawa hii huweza kudhuru neva, kwa hiyo mtoto akianza kuangusha kikombe au kulalamikia ganzi miguuni, daktari ajulishwe mapema. Si kila limfoma ina dawa ya namna hii.

Panapochanganya wengi ni kwenye mfuko wa dawa. Familia inayorudi kutoka kwenye matibabu India au Afrika Kusini huja pia na asikloviri na kotrimoksazoli, ambazo haziigusi limfoma bali humkinga mtoto na maambukizi wakati kinga yake bado ni changa. Kuziacha kwa sababu mtoto anacheza vizuri ni hatari kubwa. Homa ya nyuzi 38, ambayo kwetu hudhaniwa mara moja kuwa malaria, kwake ni sababu ya kufika hospitali siku hiyohiyo: malaria ipimwe, lakini maambukizi ya bakteria katika damu yatafutwe pia, maana yanaweza kuua kwa saa chache. Chanjo alizopata kabla ya upandikizaji nazo hupoteza nguvu, na hutolewa upya. Ile ya surua, kwa kuwa ina virusi hai, kwa kawaida husubiri miaka 2, na katika muda huo kinga ya mtoto ni wenzake wa lupango (ua) moja kuwa wamechanjwa.