Kuchomoa waya wa betri si njia ya kupima alteneta

Katika makundi ya simu, kuanzia Mjini Unguja hadi Chake Chake, umekuwa ukizunguka kwa muda mrefu ujumbe unaodai kwamba gari kongwe likiwa linazimika ovyo, liwashwe, kisha uchomolewe waya mmoja wa betri: injini ikizima, basi alteneta, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa gari na kuchaji betri injini ikiwaka, imekufa.

Dai hili si sahihi, na linaweza kumtia mwenye gari hasara. Betri ndiyo inayotuliza umeme unaotoka kwenye alteneta. Ikiondolewa wakati injini inanguruma, volti zinaweza kupanda ghafla na kuunguza daiodi (vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu) za alteneta yenyewe au kompyuta ya injini, ambayo hata magari mengi ya miaka ya 1990 yanayo. Isitoshe, injini inaweza kuendelea kunguruma ilhali alteneta ni dhaifu.

Kipimo cha kweli ni mita ya volti. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika husoma takriban 12.6; injini ikiwaka, usomaji hupanda hadi kati ya 13.5 na 14.7 hivi. Ukibaki chini ya 13, kagua mkanda unaozungusha alteneta, nyaya na alteneta yenyewe. Kabla ya yote, tazama vichwa vya betri, kwani hewa ya chumvi ya visiwani kwetu huharakisha kutu, na unga mweupe au wa kijani peke yake unaweza kulizuia gari kuwaka.

Mkanganyiko una asili yake: magari ya zamani ya kabureta na dainamo (kifaa cha umeme kilichotangulia alteneta) hayakuwa na vifaa vya elektroniki vya kuungua, na mafundi wakongwe, ambao hatuna sababu ya kuwabeza, walijifunzia humo. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.