Je, wajua kwanini msimamizi wa tajiri anakosa sauti kambini?

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, wenye mitumbwi ya dagaa (ndo tunawaita matajiri) wengi wanakaa zao mjini, visiwani huko kwenye kambi za uvuvi wameacha msimamizi. Kuna tajiri anadumu na msimamizi mmoja miaka na miaka, na kuna mwingine kila baada ya giza mbili tatu (giza ni zile siku za mwezi usiku hauna mbalamwezi, ndo za kuvua) anabadilisha mtu, afu anasema vijana wa siku hizi wezi. Wezi wapo, sikatai. Ila mi naona mara nyingi kinachomuua msimamizi ni simu ya tajiri.

Iko hivi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, taa zinawashwa juu ya maji wanazifuata, mbalamwezi ikiingia watu wanapumzika na mahesabu yanapigwa, mafuta na gharama zinatolewa kwanza, kinachobaki tajiri anagawana na mabaharia. Sasa baharia anaomba hela kabla ya mahesabu, msimamizi anakataa maana jamaa bado ana deni la giza lililopita. Baharia anampigia tajiri moja kwa moja, mtoto anaumwa bosi, tajiri ana huruma (na anapenda kusifiwa, tuseme ukweli) anatuma hela fasta. Basi, kuanzia hapo kila mtu kambini anajua mwenye maamuzi yuko mjini, msimamizi hata akisema injini isiwashwe nani atamsikiliza?

Tajiri hafanyi hivyo kwa ubaya. Alianza na mtumbwi mmoja, mafuta ananunua mwenyewe, nyavu anashona mwenyewe, kwa hiyo akiulizwa swali mdomo unajibu tu. Angesema "umeongea na msimamizi? kasemaje?" afu kama hakubaliani amwambie msimamizi wakiwa wawili, yangeisha.

Na hata wakubwa wa dunia ndo wanavyoenda. Tim Cook aliingia Apple, kampuni ya kompyuta na simu, 1998 akaachiwa viwanda, wasambazaji na stoo, bosi wake Steve Jobs akabaki na bidhaa zake, na Jobs alipougua Cook ndo alishika usukani mpaka akawa bosi kamili 2011. Mark Zuckerberg wa Facebook alimchukua Sheryl Sandberg kutoka Google 2008, akampa matangazo na biashara, wakawa wanakaa wawili kila mwanzo na mwisho wa wiki kuambizana ukweli, wakaenda hivyo hadi 2022.

Sasa utasema, nikimwachia kila kitu si ataniibia? Nani kasema kila kitu. Mpe kiwango cha hela anachoweza kutoa bila kukuuliza, juu ya hapo apige simu, na anayehesabu ndoo za dagaa kambini asiwe huyohuyo anayekuuzia mzigo Mwaloni.