Compaq Portable: usiiwashe kabla hujaifungua

Wiki iliyopita niliwekewa Compaq Portable, kompyuta ya zamani ya kubeba kwa mpini, mezani. Mwenyewe alikuwa na furaha: "Fundi, inawaka, na DOS inaingia." Nikamwomba asiiguse tena swichi. Kwa mashine iliyoingia sokoni mwaka 1983, kuwaka hakukuhakikishii kwamba ni nzima, na DOS (programu kuu inayoendesha kompyuta) kuingia hakukuhakikishii kwamba inaoana na IBM, yaani kwamba itaendesha programu zilizoandikwa kwa kompyuta za IBM.

Naanza na lebo ya umeme nyuma. Mashine iliyotoka Marekani huenda imewekwa kwa volti 115, nasi soketi zetu ni 230. Kisha nashika mpini na kuinyanyua. Ina karibu kilo 13, na umbo lake ni kama cherehani iliyofungwa kwenye sanduku, kibodi ikiwa ndiyo kifuniko. Nasikiliza kama kuna kinachogongagonga ndani. Ganda ni la plastiki, ila chini yake kuna fremu ya chuma, na hapo ndipo unapouona uimara wake.

Ukifungua, kaa mbali na skrini. Ni ya bomba la kioo, inchi 9, na inaweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti hata ukichomoa waya. Nenda kwenye pawa saplai, utafute kapasita (vipuri vinavyohifadhi chaji) za mraba zenye ganda la njano linalopitisha mwanga. Kwa mashine za umri huu ganda hilo hupata nyufa nyembamba kama unywele, unyevu unaingia, na siku moja linapasuka kwa moshi na harufu isiyotoka chumbani upesi. Nikiona ufa mmoja nabadilisha zote. Halafu napima kwa mita laini za volti 5 na 12 dhidi ya ardhi, kwa kuwa kapasita za tantalamu, zile ndogo zenye umbo la tone, hupiga shoti bila dalili yoyote ya nje.

Kibodi ndiyo inayowapotosha wengi. Unabonyeza herufi kumi, mbili tu zinajibu, unaambiwa imekufa. Haijakufa. Chini ya kila kitufe kuna kidonge cha sponji chenye utando mwembamba wa plastiki uliopakwa chuma. Kitufe kikishuka, utando unasogea karibu na ubao, na ubao unahisi badiliko la chaji bila chuma kugusana na chuma. Baada ya miaka 40 sponji inakuwa unga unaonata vidoleni. Badilisha vidonge vyote, hata vya vitufe vinavyojibu, maana vina umri uleule.

Sasa kuoana. IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981 ilitumia vipuri ambavyo yeyote angeweza kununua: prosesa ya Intel 8088, DOS ya Microsoft. Kilichokuwa chao hasa ni BIOS, programu ya ndani inayoamsha mashine na kuziunganisha programu nyingine na vipuri vyake. Compaq waliiandika upya bila kunakili: kundi moja lilieleza BIOS inafanya nini, kundi jingine lisiloiona ya IBM likaandika programu kwa maelezo hayo tu. Naiheshimu sana kazi ile. DEC Rainbow, kompyuta nyingine ya miaka ile, nayo iliendesha MS-DOS, yaani DOS ya Microsoft, lakini programu nyingi za IBM zilikwama humo, kwa sababu walioziandika hawakupitia DOS. Lotus 1-2-3, programu ya majedwali ya hesabu, iliandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini, mahali ilipokaa kwenye IBM.

Ndiyo maana najaribu kwa Lotus na kwa Flight Simulator ya zamani, mchezo wa kurusha ndege, ambao inajiwasha yenyewe kutoka kwenye flopi bila DOS. Zikipita zote mbili, naridhika. Ila BASICA ya diski ya IBM, programu ya lugha ya BASIC, ikigoma usiilaumu mashine: inategemea BASIC iliyochomwa ndani ya ROM (chipu ya kumbukumbu isiyofutika) ya IBM, na Compaq hawakuiweka humo. Yao ilikuja nzima kwenye diski.

Hii ya wiki iliyopita nimeibadilisha kapasita mbili na sponji zote. Lotus imefunguka, maandishi ya kijani yametulia vizuri, na Flight Simulator imeruka. Draivu ya pili ya flopi bado inasoma kwa kusitasita. Kichwa nimeshakisafisha kwa spiriti, kesho napima mwendo wake: inatakiwa mizunguko 300 kwa dakika.