Una postikadi ya zamani yenye kanisa usilolijua? Igeuze kwanza

Kila anayetuletea postikadi ya zamani hapa kwenye hifadhi ya nyaraka anaanza na mnara, "hili si lile la Dar?", sawa labda ndo lenyewe, ila mimi huwa naigeuza kwanza. Kama nyuma hamna mstari wa kugawa katikati, yani pote ni pa anwani tu na salamu mtu kazibananisha pembeni ya picha, basi aina hiyo ya kadi ni ya mwanzo mwanzo, maana Waingereza waliruhusu kugawa 1902 na Wajerumani 1905.

Halafu stempu. Za Deutsch-Ostafrika (koloni la Wajerumani huku Afrika Mashariki) zilianza na bei kwa pesa, jina la sarafu ya wakati huo, za sarafu ya heller zikaja 1905 (na ndiyo, hela yetu imetokea hapo hapo). Ukikuta stempu imegongwa juu herufi G.E.A. (German East Africa) ujue Mwingereza kashaingia. Ila muhuri wa posta usikudanganye, unakwambia kadi ilitumwa wapi na lini, sio picha ni ya wapi, abiria wa meli alikuwa ananunua kadi Zanzibar anaipost Mombasa na picha yenyewe inaweza kuwa ya miaka kadhaa nyuma.

Sasa ndo turudi kwa kanisa. Minara miwili iliyochongoka, mji wa mawe chini yake, hapo nawaza St. Joseph ya Zanzibar, Wakatoliki waliijenga miaka ya 1890. Ile ya Mkunazini, hapo hapo Zanzibar, ya Waanglikana, ina mnara mmoja, ilianza kujengwa 1873 pale pale palipokuwa soko la watumwa baada ya soko kufungwa. Dar watu wanachanganya kwa sababu Azania Front ya Walutheri na St. Joseph ya Wakatoliki zote zinatazama bandari na zote zilikamilika 1902. Tofauti iko juu, Azania ina mapaa ya vigae, hadi madirisha yana vijipaa vyake vya kuzuia jua, na St. Joseph ina mnara wa kuchongoka kama penseli. Ukikuta kuba na madirisha ya kiarabu usikimbilie kusema msikiti, kanisa kuu la Waanglikana Mombasa, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1900, ndivyo lilivyo.

Rangi mimi siamini kabisa. Kadi nyingi zilipigwa picha nyeusi na nyeupe huku kwetu zikaenda kutiwa rangi kiwandani Ulaya na watu ambao hilo paa hawajawahi kuliona, kwa hiyo "paa ni jekundu" sio ushahidi. Na picha inaweza kuchapwa imegeuka, kulia ikawa kushoto, kwa hiyo kabla hujasema sio lenyewe jaribu kuiangalia kwenye kioo.

Ukitaka tukusaidie skani pande zote mbili, hata kama nyuma unaona hamna kitu. Stempu usibandue na kadi usiitie lamination, jamani.