Kavitesheni: maji yanapochemka bila moto ndani ya pampu

Pampu ilikuwa na miezi mitano tu. Mwenyewe, mzee mmoja anayeosha kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Kapchorwa nchini Uganda, aliniita kwa sababu ilikuwa inalia kama mtu anayetikisa mahindi makavu ndani ya debe. Nilipofika nikakuta kelele ni ile ile aliyoieleza kwenye simu. Tukazima umeme, nikatia kufuli kwenye swichi kuu, ufunguo nikauweka mfukoni mwangu, ndipo nikafungua pampu. Impela, yaani lile gurudumu lenye mabawa linalosukuma maji, lilikuwa limeliwa. Kwenye jicho lake, pale maji yanapoingilia, chuma kilijaa vishimo vidogo vyenye kingo kali. Ukipitisha kidole unadhani umegusa sifongo.

"Ni mchanga wa mto huo, fundi," mzee akaniambia. "Nimeshaweka chujio la matundu madogo zaidi, lakini kelele ndiyo imezidi."

Hayo maneno yake ya mwisho ndiyo yaliyonipa jibu. Mchanga hukwangua chuma na kuacha michirizi inayofuata njia ya maji. Vishimo kama vile huletwa na kavitesheni.

Kavitesheni ni maji kuchemka ndani ya pampu kwa sababu presha imeshuka mno, kisha viputo vya mvuke vilivyozaliwa hapo kubomoka ghafla. Ndiyo, ni maji baridi yanayochemka. Tumezoea kufikiri kuchemka ni kazi ya moto peke yake, kumbe hutegemea pia presha inayoyakandamiza maji, ile ambayo vitabu vya shule huiita kanieneo. Sufuria ya chai huchemka kwenye nyuzi 100 kule Mombasa, lakini Kampala huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa kuwa mji uko mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Endelea kushusha presha hadi ibaki kama asilimia 3 ya ile ya pwani, na maji ya nyuzi 25 yatatokota mbele ya macho yako.

Ndani ya pampu, mahali penye presha ndogo kuliko pote ni jicho la impela. Viputo huzaliwa hapo. Vikisogea hatua chache tu mbele, presha inapanda, mvuke unarudi kuwa maji, na maji ya pembeni yanaruka kuziba nafasi iliyoachwa. Yakifika, hukipiga chuma kwa mchomo mwembamba wenye nguvu ya ajabu. Kiputo kimoja hakina madhara, lakini hivi ni maelfu kwa maelfu, mchana kutwa, mwezi baada ya mwezi, na chuma huchoka kikaanza kubanduka. Mwanafizikia Mwingereza Rayleigh alipiga hesabu ya kiputo kinachobomoka mwaka 1917, baada ya watu kuona propela za meli zikiliwa vivyo hivyo. Mtetemo wa kavitesheni, kwa upande mwingine, hula beringi na sili, ile inayozuia maji kuvuja. Ndiyo maana fundi anaweza kubadilisha beringi mara tatu na asiuguse ugonjwa wenyewe.

Sasa, kwa nini Kapchorwa? Hapa kuna jambo ambalo natamani kila anayefunga pampu nchini kwetu alijue: pampu haivuti maji. Huondoa hewa tu upande wa kuingilia, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande kwenye bomba. Mwanasayansi Torricelli alilionyesha hilo kule Italia miaka ya 1640. Pwani, hewa ina nguvu ya kusimamisha maji mita 10.3. Kampala ni karibu mita 9. Ukifika mita 1,900, ambako mzee anaoshea kahawa yake, ni mita 8.2 tu.

Na hizo 8.2 huzipati zote. Mvuke wa maji ya nyuzi 25 unachukua mita 0.3. Msuguano wa bomba, kona na chujio unachukua, tuseme, mita 1. Pampu yenyewe ina haja yake, yaani presha ambayo lazima ibaki mdomoni mwake ili maji yasichemke, ile inayoandikwa NPSHr kwenye kijitabu. Ya mzee ilikuwa mita 3. Weka nusu mita ya tahadhari. Kilichobaki ni mita 3.4 za kupandisha maji kutoka mtoni. Mzee alikuwa ameinua pampu mita 5, akiogopa mafuriko, kwa kufuata kijitabu ambacho hesabu zake ni za usawa wa bahari. Lile chujio dogo nalo likaongeza msuguano juu ya deni lililokuwapo.

Kwenye maji ya moto hali ni mbaya zaidi. Maji ya nyuzi 80, kama yale ya viwanda vya maziwa, mvuke wake peke yake hula zaidi ya nusu ya presha ya hewa ya Kampala. Pampu ya namna hiyo iwekwe chini ya tangi, maji yaishukie yenyewe.

Kwa mzee tulishusha pampu hadi mita 3 juu ya maji, kwenye kibaraza cha zege. Bomba la kuingizia la inchi 2 tukaweka la inchi 3, tukaondoa kona moja, tukarudisha chujio pana. Pampu yake ni ya mota ya umeme. Ingekuwa ya petroli au dizeli nisingekubali kamwe kuishusha ndani ya shimo, kwa sababu moshi wa injini hujaa humo, na gesi yake ya sumu isiyo na harufu huweza kuua mtu kabla hajajua.

Kama unashuku kavitesheni, punguza kidogo valvu ya kutolea maji huku pampu ikifanya kazi. Kelele ikipoa, ndiyo yenyewe, maana maji yakipungua, haja ya pampu na msuguano hupungua pia. Valvu ya upande wa kuingizia usiiguse. Kuibana ni kuikaba pampu koo.

Mwisho nilifunga geji ya mvuto, inayoonyesha presha imeshuka kiasi gani chini ya ile ya hewa, karibu na mdomo wa pampu. Chujio likiwa safi, sindano husimama kwenye baa 0.35. Kwenye 0.43 nimechora mstari mwekundu. Sindano ikikaribia hapo, mzee huzima pampu, akashuka mtoni kutoa majani kwenye chujio.