Trauti wa baharini: mavuno yanashuka, lakini hesabu hiyo inasema nini?

Wahenga walisema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Nimekaa kando ya mto Tywi, kusini magharibi mwa Wales, muda wa kutosha kuona kwamba kwa trauti wa baharini methali hiyo ina mipaka. Ni samaki anayezaliwa mtoni, akashuka baharini kukua, kisha akarudi mtoni; huku wanamwita sewin. Msimu ukiisha, wavuvi wa mshipi hulinganisha mavuno yao na ya miaka ya nyuma, wanaona yameshuka, na hapo kila mtu anageuka profesa. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi.

Dhana: Mavuno yakipungua nusu, samaki nao wamepungua nusu.

Hii ndiyo mama yao. Samaki aliyeandikwa kwenye fomu ya mavuno ambayo mvuvi huirudisha ni yule aliyekutana na mtu mwenye mshipi, akakidaka chambo, akafikishwa ukingoni bila kuchomoka, kisha mtu huyo akakumbuka kumwandika. Likikosekana moja tu kati ya hayo, hesabu inashuka hata kama mto umefurika samaki.

Chukua mwaka 2001. Ugonjwa wa miguu na midomo uliikumba mifugo ya Uingereza, mashamba yakafungwa, na kwa kuwa njia za kwenda mtoni hupita mashambani, wavuvi wengi wakabaki nyumbani. Mwaka 2020 ikaja korona, na sehemu ya majira ya kuchipua ikapita bila mtu kuruhusiwa kuvua. Samaki hawakuwa na habari za karantini. Anayetazama takwimu bila kuyajua hayo anaweza kuapa kwamba samaki walikufa ghafla, kisha wakafufuka.

Halafu kuna shughuli yenyewe. Trauti wa baharini ni mwoga ajabu. Maji yakiwa maangavu hushinda mchana kutwa kwenye vina virefu, chini ya kivuli cha miti. Huvuliwa usiku. Mwezi Juni giza halishiki sawasawa mpaka karibu saa tano. Unasubiri popo waanze kuruka, unaingia majini hadi magotini, unarusha nzi wa bandia aliyetengenezwa kwa manyoya, unamvuta polepole huku huoni hata ncha ya fimbo yako. Kimya. Mara mshipi unakazika kama umenasa kwenye gogo, kisha gogo linaruka hewani. Raha yake haielezeki, lakini mzee wa miaka sabini haendi kusimama kwenye maji baridi mpaka saa nane za usiku mara tatu kwa wiki. Kizazi kilichojua kazi hiyo kinazeeka, na leseni za kuvua samoni na trauti wa baharini hazinunuliwi kama zamani.

Na kiangazi kikiwa kikavu, mto unakonda, samaki wanangoja mvua huko chini karibu na mlango wa mto. Mvua ikija usiku wa kuamkia Jumatatu, wanapanda wakati watu wako kazini.

Ndiyo maana fomu ya England na Wales huuliza pia ulivua siku ngapi, na sheria inataka uirudishe hata kama hukupata kitu. Jirani yangu aliyestaafu huandika samaki wengi kuliko mimi kila mwaka, kwa mto huohuo; gawanya kwa idadi ya siku, na tofauti yetu inakuwa ndogo mno (ingawa yeye hakubali). Uskoti ni mambo mengine: hakuna leseni ya taifa ya kuvua kwa mshipi, na takwimu, zinazokusanywa tangu 1952, hutoka kwa wenye haki za kuvua au wasimamizi wao. Tena siku hizi samaki wengi hurudishwa majini wakiwa hai, kwa hiyo mmoja anaweza kuvuliwa mara mbili na kuhesabiwa wawili.

Dhana: Basi takwimu zote ni upuuzi, samaki wapo tele.

Wanaopenda kusikia hivi ni wengi, na hapa ndipo ninapogombana na rafiki zangu. Loch Maree, magharibi mwa Uskoti, lilikuwa ziwa la kuhijiwa na wavuvi wa trauti wa baharini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yake yaliporomoka, na hayajarudi. Magharibi mwa Ayalandi yalianguka vibaya mwaka 1989. Hakuna uzee wa wavuvi unaoweza kueleza anguko la kasi namna hiyo.

Mtuhumiwa mkuu ni chawa wa baharini, mdudu anayeng'ang'ania samaki na kula ute na ngozi yake. Vizimba vya samoni wa kufugwa, vinavyowekwa kwenye ghuba za pwani hizo, humzalisha kwa wingi. Vijana wa samoni wa porini hupita hapo na kuelekea bahari kuu. Trauti hukaa karibu na pwani miezi yote, yaani mlangoni pa chawa. Wengine hurudi mtoni mapema wakiwa wamekonda, mapezi yameliwa, kwa sababu maji baridi yasiyo na chumvi humwangusha mdudu huyo. Wafugaji wanabishia ukubwa wa mchango wao, na ni kweli kuna matatizo mengine: samadi ya ng'ombe inayotiririkia mitoni, mabwawa yanayoziba njia, maji yanayopata joto.

Dhana: Trauti wa baharini ni spishi yake peke yake.

Ni trauti wa kahawia yuleyule, Salmo trutta. Watoto wa mama mmoja, huyu anabaki mtoni, yule anashuka baharini na kurudi akiwa na rangi ya fedha na mara kadhaa ya uzito wa nduguye. Wanaoshuka mara nyingi ni majike, maana mwili mkubwa hubeba mayai mengi. Mto Rio Grande, kule Tierra del Fuego, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, walipandwa trauti wa kahawia mwaka 1935. Baadhi wakaigundua bahari, na leo watu hupanda ndege kwenda kuvua wazao wao.

Wakenya wanao ndugu hao. Mayai kutoka Loch Leven, Uskoti, yaliletwa na mlowezi Ewart Grogan mwaka 1905 na kuwekwa mto Gura, Nyandarua. Maji ya Gura huishia Tana, na Tana huishia Kipini, kwa hiyo njia ya bahari ipo. Joto la nyanda za chini ndilo lililofunga mlango.

Kwa mvuvi wa Tywi maana yake ni hii: trauti wa baharini wakipungua, huenda baadhi hawakufa bali hawakushuka.

Dhana: Dawa ni kumwaga vifaranga mtoni.

Wales iliacha kupandikiza samoni na trauti wa baharini tangu uamuzi wa 2014. Anayepinga hutaja mto Tyne, kaskazini mwa England, ambako mwaka 1959 hakuna samoni hata mmoja aliyeandikwa kuvuliwa kwa mshipi, na baadaye ukawa mto unaoongoza England kwa samoni na trauti wa baharini. Kituo cha vifaranga cha Kielder kilisaidia, sikatai. Lakini samaki walikuwa wameshaanza kurudi kabla hakijajengwa, kadiri mlango wa mto, uliokuwa mfereji wa maji taka, ulivyozidi kusafishwa.