Utafiti shirikishi si kila utafiti wa watu wengi

Nimelikuta tena, safari hii kwenye jalada la ripoti ya maji ya nyanda kame: "utafiti shirikishi". Ndani kuna vyuo vikuu vitatu na wataalamu lukuki. Wenye visima wametajwa mara moja, kwenye shukrani.

Utafiti shirikishi ni ule ambao wenye tatizo huamua pamoja na watafiti kitu gani kichunguzwe, hupima wenyewe, na matokeo hubaki mikononi mwao. Basi.

Ugomvi wangu uko kwenye kitenzi. Shiriki ni neno la asili ya Kiarabu, la kuwa na fungu katika jambo. Ndugu zake ni shirika, mshirika, hata shirki, dhambi ya kumshirikisha Mungu. Ukisema tunashirikiana, umetumia kauli ya kutendana: wote wenyeji, hakuna mgeni. Ukisema tunashirikisha, ni kutendesha: yupo mwenye jambo, naye anamwingiza mwenzake. Shirikishi limetoka kwenye shirikisha, kwa hiyo ni neno linalodai maswali. Nani kaingizwa? Kwa mlango gani? Kabla ya maswali ya utafiti kuandikwa, au siku ya kujaza dodoso?

Mwaka 2013 Chad, Libya, Misri na Sudan zilitia saini mpango wa pamoja wa kusimamia maji yaliyo chini ya ardhi katika miamba ya mchanga ya Nubia, maji ya mvua za maelfu ya miaka iliyopita ambayo leo karibu hayarudishiwi. Huo ni ushirikiano, tena wa lazima, maana maji hayo hayajui mpaka. Lakini miaka ya 2000, katika wilaya zenye ukame za Andhra Pradesh, India, wakulima walipima wenyewe mvua na kina cha maji visimani, wakapiga hesabu kabla ya kupanda: yapo kiasi gani, na mazao yatakunywa kiasi gani. Kisha kila mmoja akaamua apande nini. Huo ndio shirikishi, na kwenye maji una uzito wa pekee, kwa sababu anayewasha pampu ni mkulima, si profesa.

Ile ripoti ingeitwa tu "utafiti wa ushirikiano wa vyuo vitatu", na isingepungukiwa heshima. Shirikishi wangelitunza kwa awamu ijayo, mwenye kisima akishakabidhiwa kamba ya kupimia.